Tangi Tupu Ndilo la Kuogopwa

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi ya mikono ambayo mtu aweza kuifanya uani kwake siku za mapumziko. Nimechagua kazi ya kuvua rangi tangi la pikipiki na kulipaka upya.

Wengi wetu tuna pikipiki kuukuu iliyoegemea ukuta, tuliyoendea kazini enzi za ualimu au ubwana shamba. Honda CG125, kwa mfano, ilianza kuundwa mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria hivi leo zimefuata injini yake. Injini ya namna hiyo hufufuka kwa vipuri vichache. Linalosumbua ni tangi: rangi imebabuka na kutu imeingia. Vijana wetu nao, ambao pikipiki ndiyo shamba lao, hupenda tangi ling'are. Basi kazi hii inafanywa kila mtaa, na mara nyingi inafanywa kwa hatari.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Tangi tupu la petroli limenyamaza kimya, nalo laweza kuua kuliko lililojaa. Sababu tulifundishwa hapa hapa katika darasa la kemia. Petroli yenyewe haiwaki. Unaowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke ukiwa kati ya sehemu 1 na nusu hivi na sehemu 7 na nusu katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuulipua. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa. Lakini katika tangi la lita 10 lililomwagwa, petroli isiyojaza hata kijiko cha chai, ikigeuka mvuke, yatosha kuleta mlipuko. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji hadi kwenye jiko la mkaa la jirani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa msasa, mwaga petroli yote nje, mahali pa wazi, katika chombo cha chuma chenye kifuniko. Toa koki na kipimo cha mafuta. Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni mara tatu au nne, kisha liache wazi nje siku kadhaa. Hata hapo usiliamini. Petroli hujificha ndani ya kutu na katika maungio ya bati, kisha hutoka tena likipata joto. Ndiyo maana nasema: nyumbani pasiwepo sigara, pasiwepo mashine ya kusaga chuma inayotoa cheche, na pasiwepo kuchomea hata kidogo. Tundu la kuchomelewa lipelekwe kwa fundi anayejua kuandaa matangi. Ukimwona fundi anawasha moto wake bila kuuliza tangi limeoshwaje, chukua tangi lako uondoke.

Sasa tuje kwenye kutu. Ianze ya ndani, kwani dawa yake ikimwagikia rangi mpya itaiharibu. Ziba matundu kwa mpira na bolti, jaza siki ya kawaida ya dukani, uiache siku moja hadi tatu. Kutu ikiwa nene, tia kokoto ndogo au kipande cha mnyororo ulichokihesabu pingili zake, utikise, kisha uhakikishe zote zimetoka. Mwaga siki, suuza, halafu suuza tena kwa maji yenye magadi, yale tupikiayo maharage, ili kuiua asidi iliyobaki. Maliza kwa maji safi na ukaushe upesi juani, maana chuma kilicho uchi hushika kutu tena kwa saa chache. Zungusha humo mafuta kidogo ya injini, uzibe.

Rangi ya nje ivuliwe kwa mkono. Ziko dawa za kutoa rangi, lakini soma kopo kwanza. Zile zenye dikloromethani zimeua watu waliozitumia katika vyumba visivyo na hewa, na mwaka 2019 serikali ya Marekani ilikataza zisiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hiyo. Mimi napendekeza msasa wa maji: namba 120 kwanza, kisha 240. Maji huzuia vumbi, na vumbi hilo si la kupuuzwa, kwani rangi za zamani, hasa nyekundu na njano, zaweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Watoto wakae mbali, na matope ya msasa yasimwagwe bustanini.

Chuma kikishaonekana, lijaze tangi maji, ulifute nje, ulitazame kwa nusu saa. Mara nyingi utaona tone mahali ambapo rangi na puti ya zamani ndizo zilizokuwa zikizuia petroli. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Hupaka puti juu ya tundu, hupuliza rangi, na tangi likameremeta. Baada ya miezi michache petroli hupenya, rangi hufura kama lengelenge, na petroli hudondoka juu ya injini yenye moto, katikati ya magoti ya mpandaji. Puti ni ya kusawazisha bonde. Haizibi tundu.

Bati likiwa zima, lifute kwa tina, upake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke, kisha uilainishe kwa msasa namba 400 hadi 600. Rangi yenyewe ipulizwe kwa tabaka nyembamba, ukingoja kila moja ishike. Tabaka nene huchuruzika.

Limebaki tabaka la mwisho la kung'arisha. Lile la kopo moja la kawaida huyeyuka petroli ikilidondokea. Linalostahimili ni la kuchanganya na dawa ya kugandisha, lakini dawa hiyo ina isosayaneti, ambazo huleta pumu isiyopona, na kitambaa au barakoa ya vumbi haizizuii. Hapo shauri langu ni fupi: fanya kazi yote nyumbani, tabaka hilo moja umlipe mpaka rangi mwenye chumba na kifaa cha kuletewa hewa safi. Utakuwa umeokoa fedha nyingi, na mapafu yako.

Ndugu Mwenyekiti, kila mmoja wetu ana kijana wa pikipiki nyumbani au mtaani. Mkirudi makwenu, mwambieni jambo moja hata kama mtayasahau mengine: tangi lililomwagwa bado lina petroli.