Tangi la Mafuta Mazito Halichezewi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bukima)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu serikalini, yaani ukaguzi wa usalama viwandani. Nitalisema jambo moja tu: tangi la mafuta mazito.

Mafuta haya ni meusi, mazito kama uji wa ulezi. Kituo cha umeme cha Nyakato, Mwanza, chenye megawati zipatazo 60, kilijengwa ili kiyatumie. Yakipoa hayapiti vizuri bombani, kwa hiyo hupashwa joto ndani ya tangi. Hatari huanzia hapo. Watu husema, "Haya si petroli, hayalipuki." Sivyo. Kila mafuta yana kiwango cha joto ambacho mvuke wake hushika moto ukikutana na cheche. Mafuta mazito yakipita kiwango chake, nayo huweza kulipuka.

Tarehe 19 Desemba 1982, huko Tacoa, Venezuela, wafanyakazi walikwenda kupima mafuta katika tangi la kituo cha umeme. Mafuta yalikuwa yamepashwa kupita kiasi. Tangi likalipuka. Saa kadhaa baadaye, joto la moto likayafikia maji yaliyotuama chini ya mafuta. Yakachemka ghafla na kuyarusha nje mafuta yanayowaka. Walikufa watu zaidi ya 150, wakiwamo wazima moto wengi. Mama zetu hapa ziwani wanaijua elimu hiyo: dagaa wanaochuruzika maji hawatiwi kwenye mafuta ya moto.

Siku moja, mahali nisipopataja, nilikuta kipimajoto cha tangi kimekufa miezi mingi. Nikamwuliza msimamizi anajuaje joto. Akajibu, "Nagusa ubavu wa tangi kwa kiganja." Nilisimamisha kazi siku ile ile. Nililaumiwa sana kwa kuchelewesha uzalishaji. Sijuti.

Kinga yenyewe si ngumu. Kipimajoto kiwe kizima, na joto libaki chini kabisa ya kiwango cha hatari. Mabomba ya kupashia yafunikwe na mafuta daima. Maji ya chini yatolewe. Mafuta mepesi yasichanganywe humo. Tena asipande mtu juu ya tangi na sigara, taa ya moto wala simu.

Vijana, mada ya joto na mvuke mnaikariri kwa ajili ya mtihani. Kesho mtakabidhiwa tangi, na chini yake watasimama watu. Msikubali kupima kwa kiganja.