Kikosi Gani, Mkuu Wake Nani?

Habari ya ramani mpya ya Burundi mmekwisha kuisikia. Mikoa 18 imebaki 5, komini 119 zimebaki 42, na Rumonge yetu iliyofanywa mkoa mwaka 2015 imerudi kuwa komini, ndani ya mkoa wa Burunga, makao makuu Makamba. Waliofurahi wamefurahi, walionuna wamenuna. Sisi hapa redioni linalotusumbua ni lingine, na katika maneno yote yaliyosemwa hatujalisikia likitajwa. Askari anayekusimamisha usiku, awe barabarani au ziwani, ni wa kikosi gani? Na mkuu wake ni nani?

Hesabuni wenyewe. Mtu wa Kizuka, hapa kwetu Rumonge, aliyeonewa mwaka 2014 alipanda milima hadi Bururi kuwaona wakubwa wa mkoa. Kuanzia 2015 akaambiwa asihangaike tena na Bururi, wakubwa wa mkoa wako hapa hapa mjini. Leo mkoa ni Makamba. Ashuke Nyanza-Lac, apande Mabanda, alipe nauli, atafute pa kulala, kisha arudi. Na jirani yake wa Muhuta, mwambao huu huu, barabara hii hii ya RN3, yeye sasa ni mtu wa mkoa wa Bujumbura. Askari aliyesimama kwenye baryeri jana ndiye atakayesimama kesho, na bunduki ni ile ile. Kilichohama ni mkubwa anayemjibia. Kwa hiyo tunauliza: kikosi gani, na mkuu wake nani?

Nchi hii imejaa herufi. Polisi ya Taifa, PNB, iliundwa kwa sheria ya Desemba 2004, baada ya makubaliano ya amani ya Arusha, ikawaweka pamoja jandarma na polisi za aina aina zilizokuwa zikifanya kazi kila moja kivyake. Lilikuwa jambo jema, na tunalisema waziwazi kuwa lilikuwa jema. Lakini herufi hazikupungua. Kuna API wa kulinda taasisi. Kuna GMIR wa kuingilia kwa haraka. Kulikuwa na BAE ya kuzuia fujo, jina ambalo Bujumbura ililijua sana katika misukosuko iliyoanza 2015. Majini kuna marini, na hao ni wa jeshi, si polisi. Vyeo navyo havikutulia: miaka ya nyuma tulisoma katika habari OPP1, OPC2, leo tunasoma kanali wa polisi. Na usiku huko vilimani kuna kamati za pamoja za usalama na vijana wa ronda, wasio na sare wala namba, wenye tochi na rungu.

Mama anayeuza ndagala atajuaje nani ni nani? Herufi zenyewe ni za Kifaransa, zimeandikwa mgongoni mwa mtu anayetembea gizani. Hatuchoki kulisema hili na leo tunalisema tena: uwekwe ubao mlangoni pa kila posti, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, jina la kikosi na jina la mkuu.

Twendeni ziwani Minago, usiku usio na mwezi. Kipe imetoka, mitumbwi miwili imefungwa pamoja, taa zinawaka juu ya maji, wavuvi wanangoja ndagala wapande kwenye mwanga. Kutoka gizani inasikika mashine. Halafu inazimwa. Tochi inawapiga machoni na sauti inaamrisha: zimeni taa, kaeni chini, karatasi ziko wapi? Nyuma ya sauti hiyo motorola, redio ya mkononi, inakoroma, mtu anataja namba, mwingine anajibu kwa namba. Mvuvi ana elimu moja tu aliyopewa na maisha, kwamba mwenye motorola ni serikali. Anazima taa. Anakaa chini.

Na kama si serikali? Wavuvi wa mwambao huu wamekwisha kunyang'anywa mashine na nyavu na watu wenye silaha, hilo hatuhitaji kulithibitisha kwa yeyote aliyezaliwa Rumonge. Motorola inauzwa dukani. Koti la kijani linauzwa sokoni. Asubuhi mvuvi anafika posti, anaulizwa: walikuwa kina nani? Anajibu: walikuwa na motorola. Hana lingine la kusema, kwa sababu hakuna aliyemfundisha cha kutazama. Uchunguzi unaanzia wapi hapo?

Ziwa lenyewe limepangiwa herufi. Kila nchi duniani imepewa herufi za kuanzia jina la kituo chake hewani: Burundi ni 9U, Tanzania 5H, Kongo 9Q, Zambia 9J. Chombo kikijitaja kwa redio kwa herufi hizo, anayesikiliza anajua kinatoka upande gani wa Tanganyika. Nchi nne zimekubali kujitaja. Basi boti yenye bunduki inayomsogelea mvuvi saa nane za usiku inashindwa nini kujitaja?

Katika miji mikubwa mambo haya yana mpango unaoeleweka. Los Angeles, gari la polisi likijiita 1-Adam-12, ile 1 ni eneo, yaani katikati ya mji. Adam ni gari lenye askari wawili. 12 ni mtaa wake wa doria. Askari akiwa peke yake ndani ya gari, hujiita Lincoln. London ukisikia Trojan ujue hao ni polisi wenye silaha. Raia wa miji hiyo wanayajua haya, na majambazi hawakuiteka miji kwa sababu hiyo. Detroit mwaka 1922, polisi walipokuwa wakijaribu redio, kibali chao kilikuwa cha kituo cha burudani, ikawalazimu kupiga muziki katikati ya taarifa za magari yaliyoibwa. Kila mwenye redio nyumbani aliwasikia. Huko ndiko kazi hii ilikoanzia, hewani, mbele za watu.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Marekani. Wavuvi wetu wanaofika Kigoma wanaijua FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia. Watanzania waliibandika jina lao, Fanya Fujo Uone, na tangu hapo hakuna mtoto asiyeijua kazi yake. Gari la polisi lina namba ya PT. Mkuu wa polisi wa mkoa ni RPC, wa wilaya ni OCD, wa kituo ni OCS. Muuza samaki wa Kibirizi atakuambia lalamiko lako ulipeleke kwa nani kati ya hao watatu. Wana shida zao, hatusemi hawana. Lakini swali la mkuu ni nani, kule lina jibu. Kwa nini hapa lisiwe na jibu?

Na vikosi vyenyewe visipojuana, mnajua kinachotokea? Septemba 2013 magaidi waliingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Watu 67 waliuawa. Kikosi cha polisi cha Recce, cha GSU, kilikwisha kuingia ndani na kilikuwa kikiwabana wale magaidi. Likaja jeshi. Vikosi viwili, jengo moja, bila mawasiliano ya pamoja ya redio, bila mkuu mmoja. Afisa wa Recce akauawa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Recce wakatolewa, na mambo yakaendelea hadi siku ya nne. Hao walikuwa watu wenye mafunzo, wenye vifaa, mchana, katikati ya jiji. Sasa wafikirieni marini, polisi na vijana wa ronda wakikutana kwenye mwalo wetu gizani, kila mmoja na motorola yake.

Wakenya somo hilo liliwarudia kwa sura nyingine. Mwaka 2024, wakati wa maandamano, vijana walichukuliwa mitaani na watu wasio na sare, na Agosti mwaka huo Mahakama Kuu ikaamuru kwamba polisi wanaosimamia maandamano wasifiche sura zao wala namba za magari yao. Ikabidi mahakama iseme jambo ambalo ubao na namba ya kifuani vingelisema.

Tunajua tutaambiwa kwamba usalama una siri. Tunakubali. Namba wanazoitana kwenye motorola ni zao. Wazifiche, wazibadili kila wiki. Na vijana wanaokaa karibu na posti kutega masikio, kisha wanatuma kwenye WhatsApp kwamba Kigwena kumeharibika kumbe Kigwena watu wamelala, vijana hao waache, tena waache leo. Uvumi wa namna hiyo katika nchi yetu umekwisha kuua watu. Lakini jina la kikosi ubavuni mwa gari, namba kifuani mwa askari, jina la mkuu mlangoni pa posti, hayo ni ya raia. Askari analipwa kwa kodi ya soko la Rumonge, kodi ya mawese na kodi ya samaki. Anayemlipa ana haki ya kumjua.

Basi wakubwa wa polisi wa Burunga, wakubwa wa marini, na wewe msitanteri wetu, mkuu wa komini, wekeni ubao. Bandarini, Minago, Kizuka, Gatete, Kigwena. Kirundi na Kiswahili. Jina la kikosi, jina la mkuu, na mahali raia wa Rumonge anapopeleka lalamiko bila kulipa nauli ya Makamba. Boti ya doria ipigwe namba nyeupe ubavuni, kubwa, isomeke kwa tochi ya mvuvi. Askari ajitaje kabla hajauliza karatasi. Hatuombi bajeti. Debe la rangi na mbao chache zinatosha, na mafundi tunao hapa hapa. Wekeni ubao!

Na ninyi wasikilizaji, ulizeni. Bila kelele, bila kubishana na mtu mwenye bunduki. Semeni: samahani afande, wewe ni wa kikosi gani, na mkuu wako ni nani? Mama wa ndagala, uliza. Dereva wa Probox, uliza, hata kama abiria wana haraka. Wazee wa mtaa, waulizeni na wale wa ronda, maana ni watoto wenu. Mkijibiwa, shikeni jibu. Msipojibiwa, shikeni saa, mahali, rangi ya sare, namba ya gari au ya boti, lugha waliyosema. Nahodha wa kipe au wa chombo kingine, chagua kijana mmoja katika kundi lako, mwenye kujua kuandika, mnunulie daftari na kalamu, mfuko wa plastiki wa kuvizuia visilowe, na kazi hiyo iwe yake kuanzia usiku wa leo. Leteni hayo madaftari hapa redioni kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Jina la aliyeleta halitatajwa. Tutanakili kila kilichoandikwa, tutakipeleka sisi wenyewe kwa komiseri wa polisi, na hatutaondoka ofisini kwake bila sahihi ya kupokea.