Wastani wa Bukedi Unaficha Nini?

Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, inapochapisha viwango vya umaskini, huzipanga wilaya za nchi katika kanda. Tororo na Busia huingizwa katika kanda ya Bukedi, pamoja na Pallisa, Butaleja, Budaka, Kibuku na Butebo. Hivyo mkulima wa Kirewa na mbadilishaji fedha wa mji wa mpakani wa Malaba, wote wa Tororo, hutiwa katika wastani mmoja, ingawa riziki zao hazifanani. Isitoshe, kanda hiyo hukomea mpakani. Mji wa Busia ni soko moja, lakini upande mmoja uko Bukedi na wa pili uko katika kaunti ya Busia nchini Kenya. Hata hesabu za watu wa pande hizo mbili hazikufanywa wakati mmoja: Kenya ilifanya sensa mwaka 2019, Uganda mwaka 2024.

Watakwimu watajibu kwamba sampuli za utafiti ni ndogo mno kutoa makadirio ya kuaminika kwa kila kaunti ndogo. Ni kweli kwa utafiti wa kaya, lakini sensa hukusudia kumhesabu kila mtu, na takwimu zake hukusanywa katika maeneo madogo yanayoweza kupangwa upya. Wengine watasema kila dola ihesabu watu wake. Sawa, hakuna anayedai sensa ya pamoja. UBOS na ofisi ya takwimu ya Kenya, KNBS, zitoe majedwali ya maeneo ya mpakani kwa vipimo vinavyolingana, ili zahanati na visima vijengwe kulingana na watu wanaovitumia. Wastani wa kanda pekee hautoshi kugawa bajeti kwa haki.