Heroe Wawili, Jina Moja

Kamusi ikieleza tu kwamba heroe ni ndege wa majini mwenye miguu mirefu na rangi ya waridi, huwa imewachanganya ndege wawili. Heroe mkubwa aliyekomaa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi; huchuja wadudu na jamii ya kamba wadogo. Mdomo wa heroe mdogo ni wa damu ya mzee, unaokaribia weusi. Chakula chake hasa ni mwani wa maziwa ya magadi. Ukubwa hubainika wakisimama pamoja; mdomo hutambulisha hata aliye peke yake. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron. Fasili isiyowatenganisha hawa wawili humficha msomaji ni yupi atakayeangamia ziwa hilo likiharibika.