Nafsi, Jirani na Kufuli Tatu

Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kijamii, Musoma



Nimepewa swali gumu: mtu anapomsaidia mwenzake, anamjali kweli au anajitafutia faida? Inasimuliwa kwamba Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alimpa mzee maskini sadaka, kisha akaeleza kuwa shida ya yule mzee ilimuumiza, na kwa kutoa alijipunguzia maumivu yeye mwenyewe. Wengi huona hapo swali limekwisha. Mimi naona jibu lake linatuunga mkono tunaoamini kuwa wema upo. Asiyejali angeumizwa na nini?

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 1955 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma Mwisenge, mjini hapa, aliacha ualimu Pugu na mshahara wake ili aongoze chama cha TANU. Wapo watakaosema alikuwa anapanda ili avune. Lakini mwaka ule Mwingereza alikuwa bado anatawala, na TANU haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja. Avune lini, na nani amhakikishie? Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama. Ni kweli, mwisho wa mwaka huo alirudi akiwa Rais. Moyo wa mtu haupasuliwi tukauona.

Kinachonigusa zaidi ni Azimio la Arusha la 1967. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni na kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo hayakuwekwa na mtu anayedhani viongozi ni malaika. Nyerere aliuamini utu, na bado akauwekea ulinzi. Mwaka 1991, kwa maamuzi yaliyofanyika Zanzibar, CCM iliyalegeza. Kwa maoni yangu tulipoteza kitu kikubwa.

Wanavikoba, yaani wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wanalielewa jambo hili la kuamini na bado kuweka ulinzi kuliko wasomi wengi. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Hakuna anayeona ametukanwa. Ndani yake mna fedha za hisa, ambazo kila mtu anajiwekea, na mna mfuko wa jamii. Anayefiwa hupewa kwa sababu amefiwa, si kwa wingi wa hisa zake. Ubinafsi na upendo vimelala sanduku moja, na kikundi kinasonga mbele.

Tatizo langu liko nje ya sanduku. Daftari la michango ya msiba linakumbuka nani alitoa na nani hakutoa, na asiyetoa huja kuachwa peke yake siku yake ikifika. Hiyo ni kukopeshana. Ni jambo jema, ila halijafika kwenye upendo tunaouulizia leo. Mjane asiyeweza kununua hata hisa moja hana jina katika daftari, wala hana cha kuturudishia. Tutakachomfanyia yeye ndicho kitakachojibu swali la semina hii.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kilichowakilishwa hapa kiandike katika katiba yake sehemu ya mfuko wa jamii itakayomfikia jirani asiye mwanachama, na kiamue kiasi chake kwenye mkutano wake ujao.