Soko moja, risiti mbili: mazungumzo na wafanyabiashara wa Keroka

(Haya ni maneno ya ofisa wa habari wa Kaunti ya Nyamira alipozungumza na wafanyabiashara mjini Keroka.)

Wazee wetu, kina mama, vijana wa bodaboda mliosimama pale nyuma (viti bado vipo, karibuni mkae), asanteni kwa kuacha vibanda kwa muda huu. Najua saa moja ya soko ina bei yake, kwa hivyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mazingira ya biashara na uwekezaji. Maneno haya yamezoea kukaa kwenye kumbi za hoteli. Mtu akisikia "mwekezaji" humwona bwana wa tai aliyeshuka kwenye ndege. Leo nataka tumtazame mwekezaji mwingine: mama aliyechukua mkopo wa chama, akanunua mikungu ya ndizi, chinsaga na rinagu, akaja hapa kabla ya jua kuchomoza. Yeye pia ameweka mtaji. Na hasara ikimpata, hana mwenzake wa kugawana naye.

Jambo hili kwetu si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii, kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900. Kila mmoja hapa anajua maana yake nyumbani: shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, la baba limegawanywa kwa wana, na anayerithi leo anapata kipande cha kupanda migomba michache na mistari ya majani chai. Watoto wetu wengi hawataishi kwa jembe. Wataishi kwa biashara, au wataondoka.

Miaka michache iliyopita Kenya ilisifiwa sana. Benki ya Dunia ilikuwa na ripoti ya kila mwaka ya kupima urahisi wa kufanya biashara. Katika ripoti ya 2015 tulikuwa nambari 136, na katika ile ya 2020 tukawa nambari 56 kati ya nchi 190. Kazi ya kweli ilifanyika: Sheria ya Kampuni ya 2015 ilichukua nafasi ya ile ya zamani, na usajili wa jina la biashara ukahamia eCitizen, ukawa jambo la kufanya kwa simu ukiwa umeketi dukani. Lakini ripoti ile, kwa upande wa Kenya, ilipima Nairobi. Haikuuliza mwenye kibanda cha mitumba Keroka anadaiwa na nani. Ripoti yenyewe ilifutwa mwaka 2021 baada ya kugunduliwa kwamba baadhi ya takwimu zilikuwa na kasoro, ingawa si zetu zilizozua maneno. Nambari zimeondoka, na swali la mwenye kibanda bado lipo.

Nalo ni hili. Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka. Ulipokuwa mji ndani ya wilaya moja ya Kisii hakuna aliyejali. Nyamira ikatengwa kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na Katiba ya 2010 ikazifanya wilaya hizi mbili kuwa kaunti mbili, kila moja ikiwa na bunge lake, sheria yake ya fedha na watoza ushuru wake. Tangu ugatuzi uanze kumekuwa na mvutano kuhusu nani akusanye ushuru katika mji huu, na hakuna haja ya mimi kuwaeleza yaliyotokea. Mlikuwepo. Kuna waliolipia mzigo mmoja mara mbili, na kuna walioambiwa risiti waliyo nayo si ya upande huu.

Tufanye hesabu, na hii ni ya mfano tu, si ada halisi ya kaunti yoyote. Tuseme mama analipa shilingi 50 kwa siku, kisha anakuja mwingine anataka 50 zake. Kwa siku sita za wiki, ile ya pili ni shilingi 300. Kwa wiki 52 ni shilingi 15,600. Pesa hizo zingekuwa meza ya pili, au karo ya mtoto. Sasa mzidishe kwa vibanda vyote mnavyoviona kutoka hapa.

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko ile shilingi 50 ya pili ni kutojua. Mnunuzi wa ndizi anayepakia lori hapa kwenda Nairobi atapita Bomet, Narok, Nakuru pale Mai Mahiu, na Kiambu. Kama hajui ni wapi atasimamishwa na atadaiwa kiasi gani, hakisii kiasi cha chini. Anakisia cha juu kabisa, na anakitoa kwenye bei anayompa mkulima. Kwa hivyo ushuru usiojulikana haulipwi na mwenye lori. Unalipwa na nyanya yako kijijini, ambaye hajawahi hata kumwona mtoza ushuru.

Sheria inasema nini? Katiba haikuwaacha watu wa Keroka hewani. Kifungu cha 209 kinaruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa. Tusikilize vizuri: kwa huduma inazotoa. Ada ya soko ni ya choo, taa, kuzoa taka, maji na lango. Panapokuwa na watozaji wawili, ni rahisi kila mmoja kusema choo kibovu kiko upande wa mwenzake. Kifungu hicho hicho, sehemu ya 5, kinazuia kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafiri wa bidhaa nchini. Kifungu cha 210 nacho kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hivyo mtu akija kukudai una haki ya kumwuliza, kwa heshima, sheria gani, ya mwaka gani, na risiti iko wapi. Huo si ukaidi. Na nyinyi mnaofanya kazi ya kukusanya ushuru, nawaona watatu hapa mbele, swali hilo linawalinda hata nyinyi, maana anayetoza bila risiti ndiye anayewachafulia jina.

Najua mzee mmoja ataniuliza: si mpaka urekebishwe, tumalize? Mpaka wa kaunti hauhamishwi na gavana, wala na magavana wawili wakikubaliana. Kifungu cha 188 kinataka tume huru ipendekeze, kisha thuluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali. Hiyo ni safari ndefu, na mama wa chinsaga anadaiwa leo.

Lakini risiti haihitaji mpaka uhamishwe. Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya vifungu vya kugawana, na hiki cha kushirikiana tunakisahau: Kifungu cha 189 kinaziagiza serikali za kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja na hata mamlaka ya pamoja. Soko moja linaweza kuwa na msimamizi mmoja na risiti moja inayotambuliwa na pande zote mbili, kisha kaunti zikagawana mapato ofisini, mbali na meza ya nyanya. Wahasibu wapo kwa kazi hiyo. Mimi si msemaji wa uamuzi ambao haujafanywa, kwa hivyo msiandike kwamba nimeahidi. Ninachosema ni kwamba njia ipo ndani ya sheria, na haidai kaunti yoyote isalimishe jiwe lake la mpaka.

Njia hiyo itafunguka upesi zaidi ikidaiwa na nyinyi. Ada mnazolipa huandikwa kila mwaka katika Mswada wa Fedha wa kaunti. Bajeti ikishapitishwa, bunge la kaunti lina siku 90 kuupitisha mswada huo, kwa hivyo miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo ya kusikiliza matangazo kwa makini. Katiba inataka wananchi washirikishwe. Mara nyingi mikutano hiyo hufanyika siku ya soko wakati wenye soko wako sokoni, na ukumbi hujaa watu wasiouza hata kitunguu. Chagueni watu wenu wa kwenda. Na kwa kuwa hapa ni Keroka, chagueni wa kwenda Nyamira na wa kwenda Kisii, wakiwa na barua moja yenye maneno yale yale. Wawakilishi wadi wa pande mbili wakipokea barua moja, itakuwa vigumu kuzungumza lugha mbili.

Pia mnaweza kuandika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kupeleka ombi kwa kaunti yake. Na kama mnataka kujua ada zilizokusanywa katika soko hili zilifanya nini, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lenu ndani ya siku 21. Andikeni kwa Kiswahili au Kiingereza, wekeni tarehe, na mbaki na nakala. Maombi kama hayo ni sehemu ya kazi ya ofisi yetu ya habari, na afadhali nipokee barua yenu kuliko nisome hasira zenu ukutani. Mkikosa jibu, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Kuhusu leseni kwa ufupi: leseni ya biashara haifuti vibali vingine. Anayeuza chakula bado anahitaji cheti cha afya. Ulizeni mapema, kabla hamjalipa kodi ya chumba cha hoteli, siyo baada ya kupaka rangi.

Nimeona kina mama wa ndizi wanatazama barabarani. Nadhani lori limefika. Basi maswali tuanze na wao, wengine watavumilia kidogo. Karibu, mama, shika maikrofoni.