Maneno juu ya Michoro ya Moyo na Picha za Wagonjwa

Tumeombwa katika siku hizi za jubilei kunena machache juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la madaktari peke yao, nalo ni kutunza na kupelekeana michoro ya moyo na picha za ndani ya mwili. Twaanza na kisa tulichokiona wenyewe.

Alikuwako mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepimwa moyo katika hospitali moja. Akapewa karatasi yenye mistari, akaikunja vizuri, akaitia katika mfuko wa plastiki, akaiweka sandukuni miaka sita. Hata siku moja akashikwa na maumivu ya kifua, akapelekwa hospitali nyingine. Daktari akampima, akaona katika mstari wa moyo jambo lisilo la kawaida, akauliza, “Mama, ulipata kupimwa zamani?” Akajibu, “Naam, mwanangu, karatasi yenyewe hii hapa.” Wakaifungua, kumbe ilikuwa nyeupe! Maana karatasi nyingi za namna ile haziandikwi kwa wino, bali kwa joto, na maandishi yake hufifia kwa mwanga, na hata kwa kugusana na plastiki. Kule alikopimwa kwanza hawakuweka nakala. Basi daktari hakuwa na njia ya kujua kama jambo lile ni la zamani, au ni la saa ile, dalili ya moyo kukosa damu. Ikampasa kulihesabu kuwa jipya. Akampeleka mjini usiku ule ule, na watoto wakauza ng'ombe wawili. Huko mjini wakampima tena na tena, wasione jambo jipya.

Wala kisa hakikuishia hapo. Usiku ule mpwa wake, kwa huruma na kwa haraka, aliupiga picha kwa simu mchoro mpya, akautuma katika kundi la kwaya ili aulize kama yuko ajuaye daktari wa moyo. Jina la mama na umri wake vilikuwa juu ya karatasi. Kabla ya jua kuchomoza habari imekwisha kufika sokoni, naye aliporudi alikuta watu wamekwisha kumlilia. Hivyo mchoro uliotakiwa kuonwa haukuonekana, na ule uliotakiwa kusitiriwa ukaonwa na watu wote.

Kupeleka mchoro wa moyo mbali si jambo geni. Huko Leiden, katika nchi ya Uholanzi, alikuwako Profesa Willem Einthoven, aliyetengeneza chombo cha kuandika umeme mdogo wa moyo kwa uzi mwembamba mno uliopakwa fedha na kutundikwa kati ya sumaku yenye nguvu. Chombo kilikuwa kizito, zaidi ya kilo 200, kisiweze kupelekwa kitandani mwa mgonjwa. Na mgonjwa mahututi naye hakuweza kupelekwa kwenye chombo. Basi mwaka 1905 akaunganisha hospitali na maabara yake kwa waya za simu, mwendo wa kilometa moja na nusu hivi. Mgonjwa alitia mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi kule hospitalini, na uzi ukatikisika huku maabara. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Herufi P, Q, R, S na T, ambazo madaktari wazitumia hata leo kwa mawimbi ya moyo, ni yeye aliyezichagua.

Siku hizi mashine haichori tu, bali huhesabu. Ikipima mara 500 kwa sekunde, basi kwa sekunde 10 mstari mmoja huwa hesabu 5,000. Hesabu hazifubai kama karatasi, na nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Kwa picha za eksirei na nyinginezo taabu ilikuwa lugha: mashine za makampuni mbalimbali zilikuwa kama watu wa Babeli, hii isisome ya ile. Mwaka 1983 madaktari wa picha wa Marekani na watengenezaji wa mashine waliunda kamati. Kanuni za kwanza zikatoka mwaka 1985, na tangu mwaka 1993 zaitwa DICOM. Katika faili la namna hiyo, pamoja na picha, huandikwa jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba yake. Ni jambo jema, maana picha isiyo na mwenyewe ni kama imepotea. Lakini ampelekeaye mtu faili lile humpelekea na jina, hata kama kwenye kioo halionekani.

Picha iliyopigwa kwa simu si sawa na faili lenyewe. Katika mchoro wa moyo mraba mdogo wa milimita 1 kwa kawaida ni sehemu 4 katika 100 za sekunde, na simu ikishikwa upande miraba hupindika, vipimo navyo hupotoka. Filamu ya eksirei iliyoinuliwa dirishani ikapigwa picha hupoteza vivuli vidogo, navyo huenda ndivyo vitafutwavyo. Pengine hakuna njia nyingine, nasi hatulaumu. Lakini atumiwe daktari mmoja ajulikanaye, jina likiwa limefunikwa. Hata sheria yalitaka hilo: Kenya tangu mwaka 2019, na Tanzania katika sheria ya mwaka 2022, zimezihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Twawasihi mkipimwa mwombe nakala, na namba yenu ya hospitali mwiandike. Nakala moja haitoshi (sisi wenyewe tumepoteza flashi mbili, moja ndani ya suruali iliyofuliwa).

Yule mama amefanya hivyo. Mchoro wake umo katika kompyuta ya hospitali, na nakala anayo bintiye mkubwa, ndani ya simu iliyofungwa kwa neno la siri. Mpwa wake alikuja kumwomba radhi. Akamsamehe, ila neno la siri hakumpa.